Kobe wa Uani na Chombo Chake cha Maji

Wako watu wasemao kwamba kobe hanywi maji. Neno hili limeenea, na wakubwa hulisema mbele ya watoto kama jambo lililokwisha thibiti: kwamba kobe hutosheka na umande wa asubuhi na unyevu wa majani ayalayo, na kwamba kumwekea maji ni kujisumbua bure. Hoja yao ni kuwa wamemwona porini kati ya Juni na Septemba, mvua zimekatika tangu Mei, nyasi za Kasulu na Kibondo zimegeuka rangi ya udongo, naye yu hai. Walichokiona ni kweli. Bali hukumu waliyoitoa katika hicho walichokiona si sawa, na kwa sababu ya hukumu hiyo kobe afungiwaye uani aweza kufa kwa kiu, pole pole, mbele ya macho ya watu wasiomtakia baya lolote.

Kobe hunywa. Mvua inyeshapo huinamisha kichwa dimbwini, akavuta maji kwa koo muda mrefu, kisha akakaa siku nyingi asirudie. Sehemu ya maji hayo huwekwa katika kibofu, na mwili wake una uwezo wa kuyavuta tena kidogo kidogo wakati wa ukame. Juu ya hayo, kiangazi kikishika hujikunyata chini ya kichaka au ndani ya shimo lililoachwa na mnyama mwingine, akapunguza mwendo na chakula, ili asipoteze unyevu wake. Ni msafiri aliyejifunga kiriba chake ndani ya mwili. Kwa hiyo anayesema kobe haoni kiu amekiona kiriba kimejaa akadhani kwamba hakijazwi kamwe.

Hapa yafaa tutaje jambo ambalo wengi hawalijui. Kobe akiinuliwa kwa ghafula, aghalabu humwaga maji yote ya kibofu kwa hofu. Watoto hucheka na kusema kobe kakojoa. Kumbe amemwaga akiba yake, na ikiwa ni mwezi wa Agosti, huenda asipate mahali pa kuijaza mpaka mvua za Oktoba au Novemba. Basi umkutapo akivuka njia kuu itokayo Kasulu kwenda Kibondo hata Nyakanazi, ukiona gari litamkanyaga, mshike kwa mikono miwili, umwinue kidogo tu juu ya ardhi, sawasawa bila kumgeuza, umvushe upande ule aliokuwa akiuelekea, kisha umwache. Ukimrudisha atokako ataanza safari upya na kuivuka njia ile ile.

Katika nyanda hizi kuna kobe wa namna mbili wa nchi kavu wajulikanao sana. Mmoja ni yule mwenye mgongo uliopanda kama kuba, wenye madoa meusi juu ya rangi ya manjano, ambaye wataalamu humwita Stigmochelys pardalis. Wa pili ni mdogo zaidi na mgongo wake ni bapa. Huyu ana bawaba nyuma ya gamba, akiogopa huufunga mlango wake juu ya miguu. Jina lake la kitaalamu, Kinixys spekii, latokana na John Hanning Speke, yule Mwingereza aliyepita katika bonde la Malagarasi mwaka 1858 pamoja na Burton wakielekea Ujiji. Wote wawili wana miguu mizito ya kutembea, wala maji si makao yao. Wasichanganywe na kasa wa mitoni na mabwawani, mwenye vidole vilivyounganishwa kwa utando, ambaye maji mengi ndiyo nyumba yake. Kutochukua tahadhari katika jambo hili kumewazamisha kobe: mtu amesikia kwamba wa mtoni wanapenda maji, akamtumbukiza wa nchi kavu katika pipa.

Kabla hatujaingia katika habari ya chombo chenyewe, yatupasa kusema juu ya sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, haimruhusu mtu kumwokota mnyama wa porini akamfanya wake bila kibali, na kobe ni mnyama wa porini hata akiwa mpole kiasi gani. Mambo ya vibali yako mikononi mwa serikali na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na ofisa wa wanyamapori wa wilaya ndiye wa kuanziwa. Ukali huu una sababu. Kisiwani Changuu, Unguja, waliletwa kobe wanne wakubwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakazaana hata wakafika kama mia mbili katikati ya miaka ya 1950. Kisha watu wakawaiba kwa kuwauza na kuwala, na mwaka 1996 walikuwa wamesalia saba tu. Kobe huchukua miaka mingi kufikia umri wa kutaga, na akitolewa mmoja porini pengo lake halizibiki upesi. Kwa hiyo maneno yetu haya ni kwa mwenye kibali, na kwa aliyepewa kumtunza kobe aliyejeruhiwa kwa moto wa shamba au kwa gari, na kwa yule ambaye kobe huja mwenyewe shambani kwake akaenda zake. Asiyekuwa miongoni mwa hao tunamsihi asimwokote.

Ama kwa upande wa dini, jambo hili ni zito kuliko udogo wake unavyoonekana. Msomaji aijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Tukiitazama vizuri habari hiyo tutaona kwamba kosa lilikuwa katika kuyakusanya mambo mawili, kufunga na kutotoa. Paka yule akiwa huru angalijipatia. Na kobe vivyo hivyo: akiwa huru atafuata bonde, atafuata kijito, atangoja mvua mahali apajuapo. Kibondo imepakana na maeneo ya majimaji ya Malagarasi na Moyowosi, ambayo mwaka 2000 yalikuwa ya kwanza katika Tanzania kuandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Ukimzungushia ua wa matete umemkatia njia ya yote hayo, na tangu saa ile kiu yake i juu yako.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi wetu, wamelifikisha jambo hili mbali. Mtu mwenye maji machache, na pamoja naye kuna mnyama mwenye heshima ya uhai aliyeona kiu, hamnyimi mnyama yule kwa ajili ya udhu. Atatayamamu, na maji atampa mnyama. Na iko habari ya Abu Qatada, Mwenyezi Mungu amwie radhi, ambayo sisi twaipenda katika mlango huu. Mke wa mwanawe, Kabsha binti Kaab, alimmiminia maji ya kutawadhia, akaja paka akitaka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa, Kabsha akitazama kwa mshangao, ndipo akampa mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba paka si najisi. Wengi hukumbuka katika habari hii hukumu ya tohara, nayo ndiyo asili yake. Lakini mkono ule ulioinamisha chombo nao una fundisho. Maji yalikuwapo, ila chombo hakikumfaa paka. Yule mzee akakifanya kimfae.

Sasa tutazame vyombo vya nyumbani kwetu kwa jicho hilo. Sufuria ina ukuta uliosimama wima na uso unaoteleza. Kobe hupandisha miguu ya mbele ukingoni, husukuma kwa miguu ya nyuma, kisha huanguka ndani kichwa kikitangulia, au akiwa anatoka, gamba lake zito humvuta nyuma akalala chali. Kobe aliyelala chali majini, hata maji yenyewe yakiwa ya kina cha kiganja, aweza kuzama, kwa maana anavuta pumzi kwa mapafu kama sisi na shingo yake haiwezi kumwinua. Akianguka chali nje ya chombo mchana wa jua, joto humwua. Beseni la plastiki lina ubaya uo huo, na zaidi ya hapo ni jepesi: hulipindua, maji yakamwagika saa tatu asubuhi, na watu wa nyumbani wako shambani mpaka jioni. Ndoo iliyokatwa ina makali. Karai la fundi ni afadhali kidogo kwa kuwa ukuta wake umelala, lakini lateleza kama barafu likilowa.

Kipimo cha chombo kizuri hakitafutwi vitabuni, kiko kwa kobe mwenyewe. Msimamishe mahali tambarare, utazame pale shingo inapotokea gambani: maji yasifike hapo. Kwa kobe mwenye gamba la sentimeta 25 au 30 ni kama upana wa vidole viwili, yaani sentimeta 3 au 4. Kwa yule mwenye bawaba, aliye bapa, ni pungufu ya hapo. Na kwa mtoto wa kobe aliyetoka yaini karibuni, ambaye huenea katika kiganja, sentimeta moja yatosha. Upana uwe wa kumwezesha kuingia mzima na kugeuka, kwani hunywa akiwa amesimama ndani ya maji, na pengine hukaa humo apoe. Na ukingo ushuke kwa mteremko mdogo pande zote, asihitaji kupanda wala kuruka.

Chombo cha udongo wa mfinyanzi ndicho cha kwanza kukifikiria. Kibia, yaani kile kifuniko kipana cha chungu, kikigeuzwa chali hupata umbo lile lile tulilolieleza: kimelala, kina kina kidogo, na uso wake usiotiwa rangi una ukwaru wa kumshika kobe mguu. Mwenye kumjua mfinyanzi amwagizie kipana zaidi, chenye kitako kinene. Kigae cha mtungi mkubwa uliovunjika nacho hufaa, maadamu kingo zake zimesuguliwa juu ya jiwe mpaka makali yamekwisha. Udongo una faida nyingine, kwamba huyapoza maji wakati wa joto, na hasara moja, kwamba hushika ukungu na utando wa kijani, hivyo hutaka kusuguliwa mara kwa mara.

Asiyepata chombo cha udongo afanye cha saruji. Kazi yake ni ya nusu siku, na watoto wakubwa waweza kuifanya wakisimamiwa. Chimba shimo la mviringo lenye upana wa sentimeta 48, umbo la sahani, chini katikati liwe na kina cha sentimeta 8, lipande polepole hata ukingoni. Tandika humo karatasi ya nailoni ili saruji isishikane na ardhi. Changanya kipimo kimoja cha saruji na vitatu vya mchanga wa mtoni uliochekechwa, maji kidogo tu, mpaka ukikamata donge libaki donge. Tandaza unene wa sentimeta 4 kila mahali, ukikandamiza kwa mwiko, hata lipatikane bonde la ndani lenye upana wa sentimeta 40 na kina cha sentimeta 4 katikati. Kabla halijakauka pitisha ufagio wa njukuti kutoka katikati kwenda ukingoni, upate mikwaruzo ya kuzuia utelezi. Sehemu hii watu hupenda kuiruka kwa sababu saruji iliyolainishwa hupendeza macho. Kobe hana haja na uzuri huo.

Lifunike kwa gunia lililolowa kwa muda wa siku 7, ukilimwagia maji asubuhi na jioni, kwani saruji ikaukayo haraka hupasuka. Hata baada ya hapo usimpe kobe. Saruji mpya hutoa chokaa inayowasha, na maji yakaayo ndani yake huweza kumchoma macho na koo. Lijaze maji, uyamwage kesho yake, ujaze tena, kwa muda wa wiki mbili. Litakuwa na uzito wa kilo kama 11: zito kwa kobe kulipindua, jepesi kwa watu wawili kulinyanyua na kuliosha.

Kuna vyombo ambavyo haifai kuvitumia kabisa. Katika mashamba ya tumbaku na mahindi hutupwa madumu na makopo ya dawa za kuulia wadudu, na mtu huona ni hasara kuyaacha. Dawa hizo hunywewa na plastiki yenyewe, na hakuna kuosha kutakakoitoa yote. Wala usikitie chombo rangi ya mafuta ili kipendeze.

Mahali pa kukiweka ni muhimu kama umbo lake. Chombo kizikwe, ukingo wake uwe sawa na ardhi, kobe aingie kama aingiavyo dimbwini. Kiwe kivulini walau tangu saa tano mchana, chini ya mgomba au mwembe, kwani maji ya kina kidogo hupata moto upesi. Kisiwe pembeni mwa kiwambaza, kwa kuwa kobe hupenda kupanda pembe za kuta na ndipo aangukapo chali. Na yule afungiwaye usiku achunguziwe njia za siafu. Gamba halimkingi na siafu, na asiye na pa kukimbilia huliwa hai. Tukiwa hapo tuwataje pia wale watoboao gamba la kobe wakamfunga kamba. Gamba ni mfupa ulio hai wenye damu na hisia. Kulitoboa ni kama kumtoboa mtu ubavu.

Maji yabadilishwe kila siku. Kobe ana tabia ya kujisaidia majini mara aingiapo, na hiyo ni alama ya afya kwake, bali kwa watu wa nyumbani ni hatari. Katika choo chake huweza kuwamo vijidudu vya Salmonela, viletavyo homa na kuharisha, na watoto walio chini ya miaka mitano ndio waumiao zaidi. Huko Marekani serikali ilikataza mwaka 1975 kuuzwa kwa kasa na kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Basi chombo cha kobe kisioshwe pamoja na vyombo vya kulia, kiwe na brashi yake, kioshewe mbali na kisima na jiko, na kila amshikaye kobe anawe kwa sabuni. Kwa upande wa tohara, kobe aliye hai ni tohara, na mabaki ya maji aliyoyanywa si najisi kwa kunywa kwake. Lakini maji aliyojisaidia ndani yake ni najisi, wala yasikaribie nguo za kusalia. Yamwagwe chini ya mgomba. Maji yaliyotuama siku nyingi huzaa mbu, na katika mkoa wa Kigoma hatuhitaji kumweleza mtu malaria ni nini.

Tunajua atakuja mama wa nyumbani aseme: maji yenyewe nayachota mbali kwa kichwa, na kiangazi foleni ya kisimani huanza alfajiri; nitayatoa wapi ya kobe? Neno lake ni la haki, nasi hatulidharau. Bakuli la vipimo tulivyovitaja huchukua lita mbili na nusu likijaa, sawa na sehemu ya nane ya ndoo ya lita 20. Wala si lazima yawe maji yaliyotoka kisimani hivi punde. Maji ya kusuuzia mboga na mchele, yasiyo na chumvi wala sabuni, yanamfaa. Na yako maji ambayo nyumba ya Kiislamu huyamwaga mara tano kila siku: mtu akitawadha juu ya beseni, maji yaliyokwisha tumika hayafai tena kwa udhu mwingine, lakini ni safi na tohara. Udhu wa watu wanne au watano wa adhuhuri hulijaza bakuli la kobe.

Asiponywa siku ya kwanza, usiseme hataki. Mtazame macho: yakiwa yamezama, au uchafu wake mweupe ukitoka mgumu kama mchanga badala ya kuwa laini kama uji, maji yamempungua siku nyingi. Mweke ndani ya maji ya uvuguvugu yenye kina kile kile kwa muda wa dakika 15 au 20, saa nne asubuhi jua likiwa limepanda, wala usiondoke. Asubuhi za Juni na Julai katika nyanda hizi zina baridi, na kumlowesha kobe kabla jua halijamkanza ni kumtafutia mafua ya kifua. Watoto wa kobe hukauka upesi kuliko wakubwa, nao hutaka kuloweshwa hivyo mara mbili tatu kwa wiki.

Na yule asiye na kobe, bali huwaona wakipita kando ya shamba lake, aweza kulizika bakuli lake mpakani, penye kivuli, na kulijaza katika miezi ya ukame. Aweke kokoto chache upande mmoja. Kobe atakunywa na kwenda zake. Vifaranga, ambao nao huzama katika sufuria, watakunywa kando ya kokoto. Na wafuga nyuki wa Kibondo watawaona nyuki wao wametua hapo hapo. Mvua za kwanza zikinyesha, bakuli linyanyuliwe, lisuguliwe, litazamwe nyufa, na penye ufa pazibwe kwa saruji na kuloweshwa upya wiki mbili kabla ya kurudishwa.